Wosia Uliokosa Mashahidi: Uchambuzi wa Kisa cha Nyumba ya Frederick Douglass

Kwa nini kisa hiki

Mgeni anayepanda ngazi 85 za kufikia Cedar Hill, nyumba ya Frederick Douglass, mpinzani mashuhuri wa utumwa wa karne ya 19, iliyo juu ya kilima cha Anacostia mjini Washington, huikuta nyumba ya Kiviktoria iliyotimia: vitabu vimo rafuni, dawati limo maktabani, taa za mafuta ziko mezani, na kutoka barazani unaonekana mji mkuu wa Marekani pamoja na kuba la jengo la Bunge. Kwa kuuona utimilifu huo ni rahisi kuamini kwamba ukubwa wa jina la mwenye nyumba ndio ulioilinda, na kwamba taifa lilimheshimu mtu wake likamtunzia mali yake. Historia ya nyumba hii haikwenda hivyo. Kwa zaidi ya miaka 20 baada ya kifo cha Douglass nyumba ilikuwa ukingoni mwa kuuzwa, na hatari iliyoikabili ilitoka kwenye karatasi kuliko kwenye mvua au mchwa: wosia wenye kasoro, mgawanyo wa mirathi, na rehani isiyolipika.

Nimekiandika kisa hiki kwa ajili ya wanaosimamia nyumba za kumbukumbu au wanaotarajia kuzianzisha, yaani maofisa wa mambo ya kale, wadhamini, wanasheria wa mirathi na familia zenyewe. Douglass, wake zake wawili na viongozi wa taasisi zilizohusika ni watu wa historia ya hadharani, nami nimewataja. Warithi wengine, wakopeshaji na mawakili nimewaacha bila majina, kwa sababu yanayofunza katika kisa hiki ni maamuzi yenyewe, na hayategemei nani alisema nini katika mvutano wa nyumbani.

Usuli: mtu na nyumba yake

Douglass alizaliwa utumwani katika jimbo la Maryland mwaka 1818 na akatoroka mwaka 1838. Safari ile ya kutoroka ilisaidiwa na fedha za Anna Murray, mwanamke Mweusi aliyezaliwa huru na aliyekuwa mtumishi wa nyumbani mjini Baltimore. Wakafunga ndoa muda mfupi baada ya Douglass kufika New York salama. Katika miaka iliyofuata Douglass akawa msemaji mashuhuri kuliko wote katika harakati za kukomesha utumwa nchini mwake, mwandishi wa tawasifu na mhariri wa magazeti yake mwenyewe, huku makazi ya familia yakiwa Rochester katika jimbo la New York.

Mwezi Juni 1872 nyumba ya Rochester iliungua. Familia ilinusurika, lakini katika moto ule Douglass alipoteza majuzuu ya magazeti yake ya kuanzia mwaka 1848 hadi 1860, kumbukumbu ya kazi yake ambayo hakuweza kuipata tena ikiwa kamili. Ninalitaja tukio hili mapema kwa kuwa linabadilisha namna tunavyovitazama vitu vya Cedar Hill. Vitabu, barua, picha na zawadi zilizojaa katika nyumba hiyo ni mkusanyiko wa mtu aliyewahi kuona kumbukumbu zake zikigeuka majivu, akaanza kukusanya upya akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50.

Mwaka 1877, baada ya kuteuliwa kuwa Marshali wa Marekani, yaani ofisa mkuu wa kutekeleza amri za mahakama, katika Wilaya ya Columbia, eneo la mji mkuu Washington, Douglass aliinunua Cedar Hill kwa dola 6,700. Ilikuwa nyumba ya matofali iliyojengwa katika miaka ya 1850 na John Van Hook, mmoja wa waanzilishi wa Uniontown, kitongoji kilichopimwa viwanja bondeni mwaka 1854 kwa masharti kwamba viwanja vyake visiuzwe kwa watu Weusi. Mtu aliyezaliwa mtumwa akaja kukaa katika nyumba ya mwenye kitongoji kile, juu ya kilima, akiangalia paa za majirani waliowekewa masharti hayo. Eneo alilonunua kwanza lilikaribia ekari kumi, na baadaye akaongeza ardhi jirani. Nyumba aliikuta ina vyumba 14, naye aliipanua kwa nyuma na kwa juu hadi ikafika vyumba 21. Uani palikuwa na kibanda cha mawe cha chumba kimoja alichokiita Growlery, jina linalotokana na neno la Kiingereza la kunguruma, ambako alijitenga na watu ili asome na kuandika.

Anna alifariki dunia mwezi Agosti 1882. Mwezi Januari 1884 Douglass alimwoa Helen Pitts, mwanamke Mzungu aliyekuwa mdogo wake kwa miaka 20, mhitimu wa chuo cha wanawake cha Mount Holyoke, aliyewahi kuwafundisha watu waliotoka utumwani na ambaye wakati huo alikuwa karani katika ofisi ya usajili wa hati za ardhi ya Wilaya ya Columbia. Mkuu wa ofisi hiyo alikuwa Douglass mwenyewe. Ndoa hiyo ilizikasirisha familia zote mbili, na hasira za upande wa watoto wa Anna zilikuwa hazijapoa wakati mwenye nyumba alipofariki. Yeyote anayetaka kukielewa kisa hiki hana budi kuikumbuka hali hiyo: mjane na warithi walioketi kuzungumza juu ya hatima ya nyumba hawakuwa watu waliokuwa wakiaminiana.

Mfuatano wa matukio

Tarehe 20 Februari 1895 Douglass alirudi nyumbani kutoka katika mkutano wa Baraza la Taifa la Wanawake, akiwa na miaka 77. Alianguka katika ukumbi wa kuingilia na kufariki papo hapo. Aliacha wosia, na katika wosia huo Cedar Hill ilikuwa ya Helen.

Sheria ya wakati huo ilitaka wosia unaohusu ardhi na majengo uwe na idadi maalumu ya mashahidi, na wosia wa Douglass haukuifikia idadi hiyo. Kwa hiyo sehemu iliyohusu nyumba ilihesabiwa kuwa batili, na Cedar Hill ikaingia katika mirathi ya kawaida ambamo watoto na warithi wengine walikuwa na haki zao. Inauma kufikiri kwamba mtu aliyeongoza ofisi ya kusajili hati za ardhi kwa miaka mitano, aliyeona mikataba ya watu wengine ikipita mikononi mwake kila siku, aliondoka duniani na hati ya nyumba yake mwenyewe ikiwa na upungufu wa saini. Ila ndivyo inavyotokea mara nyingi katika mirathi, na si Marekani pekee.

Helen aliwaendea warithi na pendekezo: nyumba itengwe iwe kumbukumbu ya baba yao, iwekwe chini ya bodi ya wadhamini, asiimiliki yeyote kati yao. Msomaji wa mwambao wa Afrika Mashariki atalitambua wazo hilo mara moja, kwa kuwa halitofautiani sana na kuitoa nyumba wakfu: mali inaondolewa katika mzunguko wa kuuzwa na kurithiwa, inabaki kwa ajili ya kusudi lake. Warithi walikataa. Walitaka mali iuzwe na fedha zigawanywe, na sheria ilikuwa upande wao.

Helen akakopa. Kwa fedha za mkopo aliwalipa warithi na kuinunua nyumba ambayo mumewe alikusudia kumwachia bure, kisha akatumia miaka minane iliyobaki ya maisha yake kusafiri katika majimbo ya kaskazini mashariki akitoa mihadhara, ili malipo ya mihadhara yapunguze deni. Wakati huohuo alilishawishi Bunge la Marekani litunge sheria, na tarehe 6 Juni 1900 ikaanzishwa kisheria Jumuiya ya Kumbukumbu na Historia ya Frederick Douglass. Jukumu la jumuiya lilikuwa kuhifadhi kumbukumbu ya Douglass, kukusanya historia ya harakati za kupinga utumwa, na kuvikusanya Cedar Hill vitu vinavyoieleza historia hiyo.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake Helen aliugua na hakuweza tena kusafiri. Aliingiwa na hofu kwamba deni lingeimeza nyumba baada yake, akamwomba mchungaji Francis Grimké, ambaye ndiye aliyewafungisha ndoa mwaka 1884, amwahidi kwamba mpango ule hautakufa. Grimké alimshauri aweke njia ya pili: rehani isipolipwa, nyumba iuzwe na fedha zitumike kwa ufadhili wa masomo wa aina mbili, mmoja kwa jina la Douglass na mwingine kwa jina la Helen. Helen alikubali kwa sharti moja, kwamba ufadhili wote uwe kwa jina la mumewe. Helen alifariki tarehe 1 Desemba 1903, akaiacha nyumba kwa jumuiya, na deni la zaidi ya dola elfu tano likiwa bado juu yake.

Miaka kumi na zaidi iliyofuata ilikuwa ya kusuasua. Jumuiya ilikuwa na cheti cha Bunge, wadhamini wenye heshima zao na kilima chenye mandhari nzuri, lakini mfuko wake ulikuwa mtupu. Deni lilipungua polepole mpaka likafikia dola elfu nne hivi, na hapo likakwama.

Mwaka 1916 shauri lilichukuliwa na Chama cha Taifa cha Wanawake Weusi, shirikisho lililoanzishwa mwaka 1896 kuunganisha vilabu vya wanawake Weusi vya miji na majimbo, wakati huo likiwa chini ya rais wake Mary B. Talbert wa Buffalo. Vilabu vilichangisha fedha kwa wanachama wao nchi nzima. Mchango mkubwa kuliko wote wa mtu binafsi, dola 500, ulitoka kwa Madam C. J. Walker, mfanyabiashara wa bidhaa za nywele. Mwaka 1918, katika mkutano mkuu wa chama hicho mjini Denver, hati ya rehani ilichomwa moto mbele ya wajumbe, naye Walker akapewa heshima ya kuichoma. Baadaye nyumba ilikarabatiwa, na mwaka 1922 ikazinduliwa rasmi kuwa mahali pa kumbukumbu.

Wanawake hao na jumuiya waliitunza nyumba kwa miongo minne. Tarehe 5 Septemba 1962 ilitiwa saini sheria iliyoiingiza Cedar Hill katika mfumo wa Hifadhi za Taifa za Marekani. Baada ya ukarabati mrefu ilifunguliwa upya kwa umma mwaka 1972, na mwaka 1988 ikapewa hadhi na jina la Eneo la Kihistoria la Taifa la Frederick Douglass.

Maamuzi, na kilichoyasukuma

Uamuzi wa kwanza wenye uzito ni wa Helen kukopa badala ya kwenda kuutetea wosia mahakamani au kuacha mnada ufanyike. Tukiutazama kwa hesabu za kawaida, ulikuwa uamuzi wa hatari: mjane wa umri wa miaka 57, asiye na mshahara, anabeba rehani kwa ajili ya nyumba ya vyumba 21 iliyo mbali na katikati ya mji na inayohitaji paa, rangi na watu wa kuitunza. Lakini alichokuwa akikilinda hakikuwa makazi yake. Mgawanyo wa mirathi kwa kawaida hauishii kwenye kuta. Kabati linakwenda kwa huyu, vitabu kwa yule, picha zinauzwa ili zilipe gharama za mazishi, na baada ya miaka michache inabaki ganda la nyumba ambalo hakuna ukarabati unaoweza kulirudishia roho yake. Kwa kununua haraka na kwa ukamilifu, Helen aliokoa uhusiano wa vitu na mahali pake. Leo karibu asilimia 70 ya vitu vinavyoonyeshwa Cedar Hill ni vya Douglass na familia yake wenyewe, kiwango ambacho nyumba nyingi za kumbukumbu haziwezi hata kukikaribia. Nauhesabu huu kuwa uamuzi uliozaa mengine yote.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuiweka nyumba mikononi mwa chombo chenye nafsi yake kisheria, chenye uwezo wa kumiliki mali na kushtaki au kushtakiwa kwa jina lake, na kukipata chombo hicho kwa sheria ya Bunge. Sababu ilikuwa dhahiri kwake kuliko kwa mtu mwingine yeyote: alikwisha kuona jinsi mali inayoegemea jina la mtu mmoja inavyoyumba mtu huyo anapokufa. Mfano wa kufuata ulikuwapo, tena jirani. Mwaka 1858 jumuiya ya wanawake ilikubaliana kuinunua Mount Vernon, nyumba ya George Washington iliyo upande wa pili wa mto Potomac, kwa dola 200,000 zilizochangishwa nchi nzima. Tofauti ni kwamba wanawake wa Mount Vernon walikuwa na umma wa wachangiaji kabla ya kuichukua nyumba, ilhali Helen alikuwa na nyumba na deni kabla ya kuwa na umma.

Sharti la ufadhili wa masomo linastahili kutazamwa peke yake, kwa kuwa wanasheria wengi wangelipita bila kusimama. Kuweka njia ya pili ndani ya wosia kunaweza kuonekana kama kukata tamaa mapema, nami nakubali kwamba njia ya aina hiyo ina hatari yake: wadhamini waliochoka wanaweza kuikimbilia kwa sababu ni nyepesi kuliko kuchangisha. Hata hivyo, kwa hali ya mwaka 1903 uamuzi ulikuwa sahihi. Helen hakuwa na uwezo wa kuhakikisha nyumba itabaki, ila alikuwa na uwezo wa kuhakikisha kwamba thamani yake haitatawanyika bila kusudi. Kasoro ya wosia wa mumewe ilikuwa imemfundisha kuuliza swali ambalo Douglass hakuliuliza: ikiwa nilichokitaka hakitawezekana, nini kifuate?

Uamuzi wa wanawake wa mwaka 1916 ulikuwa wa namna nyingine. Chama kilikuwa na mambo mengi ya kugharimia: shule, malezi ya watoto wa wanawake wafanyao kazi, kampeni dhidi ya mauaji ya watu Weusi yaliyofanywa na makundi ya watu bila hukumu ya mahakama, ambamo Talbert mwenyewe alikuwa mstari wa mbele. Dola elfu nne za rehani ya nyumba ya mtu aliyekwisha kufa zingeweza kuonekana anasa. Waliona vingine. Huu ulikuwa wakati ambapo historia ya watu Weusi ilikuwa ikifutwa katika vitabu vya shule na katika mitaa ya Washington yenyewe, na nyumba iliyosimama wazi juu ya kilima, imejaa ushahidi wa maisha ya mtu aliyejikomboa, ilikuwa hoja isiyohitaji msemaji. Namna walivyochangisha nayo ilikuwa na busara: hawakumtegemea tajiri mmoja alipe zote, ijapokuwa Walker angeweza kutoa zaidi ya dola 500, bali walivigawia vilabu vidogo vidogo mzigo huo, hivyo kila mji uliochangia ukawa na sehemu yake Cedar Hill. Kuchoma hati mbele ya mkutano kulikamilisha jambo hilo, kwa sababu kila mjumbe alishuhudia deni lake mwenyewe likiisha.

Uamuzi wa mwisho, wa kuikabidhi nyumba kwa serikali kuu, ulitokana na uchovu unaoeleweka. Vilabu vya hiari vinaweza kulipa deni kwa miaka miwili ya ari. Kulipia paa, mabomba, ulinzi na waongozaji wa wageni kwa miaka 40 ni jambo jingine. Chama chenyewe ndicho kilichoshinikiza makabidhiano hayo, na hilo ni la kuzingatia, kwa kuwa kiliiachia nyumba wakati ambapo bado kilikuwa na nguvu ya kudai masharti ya uhifadhi wake.

Matokeo

Nyumba ipo, na ipo na vitu vyake. Idara ya Hifadhi za Taifa iliamua kuionyesha kama ilivyokuwa mwaka 1895, mwaka wa kifo cha mwenyewe, na wageni huingia kwa vikundi vidogo wakiongozwa na mhifadhi. Wanaona sebule mbili, maktaba, jiko lililo ubavu wa nyuma, na vyumba vya kulala vya juu pamoja na vyuma vya mazoezi ya viungo vya mzee wa miaka sabini na kitu. Kati ya hazina za mkusanyiko wake imo fimbo ya kutembelea ya Abraham Lincoln, ambayo mjane wa rais huyo alimpelekea Douglass baada ya mumewe kuuawa. Kibanda cha Growlery kilikuwa kimetoweka, na kinachoonekana uani ni jengo lililojengwa upya mwaka 1981. Ukarabati mwingine mkubwa uliifunga nyumba kuanzia mwaka 2004 hadi 2007.

Karatasi za Douglass, yaani hotuba, barua na miswada, hazimo tena kilimani. Zilihamishiwa Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 1972, ambako watafiti wanazisoma na ambako hali ya hewa ya ghala inadhibitiwa kuliko inavyowezekana katika nyumba ya matofali ya karne ya 19.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichokwama

Kosa la mwanzo kabisa lilikuwa la Douglass mwenyewe, na halipungui uzito kwa sababu alikuwa mtu mkubwa. Nia yake ilikuwa wazi, na kila aliyeusoma wosia aliielewa. Sheria ya mirathi haiulizi nia mpaka imeridhika na umbo. Gharama ya saini iliyokosekana ilikuwa rehani, miaka minane ya mjane kulihangaikia deni, na miaka mingine 15 ya wasiwasi baada ya kifo chake. Wanaoshughulika na nyumba za watu mashuhuri wangali hai wanapaswa kuanza hapa, kwa mwanasheria wa mji husika anayejua idadi ya mashahidi, kabla ya kuzungumza juu ya kabati za vioo na mabango ya maelezo.

Lakini napenda pia kuwatendea haki warithi, ambao husimuliwa kama watu wenye tamaa. Waliozaliwa na Anna walikuwa wamekulia katika harakati za baba yao, wakafanya kazi katika gazeti lake na kuipoteza nyumba ya Rochester pamoja naye. Kuambiwa na mama wa kambo kwamba urithi wao ugeuzwe mali ya umma, bila chombo kilichokwisha kuundwa, bila nafasi iliyoandikwa ya wao kuwa wadhamini na bila fidia, lilikuwa pendekezo gumu kulikubali hata katika familia yenye mapenzi. Pendekezo la Helen lilikuwa jema, ila utaratibu wake ulikuja kinyumenyume: jumuiya iliyoundwa mwaka 1900 ingekuwapo mwaka 1895, warithi wangekuwa na kitu cha kukubali au kukataa zaidi ya neno la mtu waliyekuwa hawamwamini. Maridhiano ya familia ni sehemu ya uhifadhi sawasawa na dawa ya mchwa, na katika kisa hiki sehemu hiyo haikufanyika kamwe. Ilinunuliwa kwa mkopo.

Jumuiya yenyewe ilifaulu katika kumiliki na ikashindwa katika kugharimia. Sheria ya mwaka 1900 iliipa kusudi na uhai, haikuipa mtaji wala kitega uchumi. Nyumba za wakfu za mji mkongwe ambazo kodi zake ndogo hazitoshi hata kupaka chokaa zinatuonyesha jambo hilohilo: mali inaweza kulindwa kikamilifu dhidi ya kuuzwa huku ikibomoka taratibu mbele ya walinzi wake. Kati ya mwaka 1903 na 1916 Cedar Hill ilikuwa katika hali hiyo hasa, na isingeokolewa na cheti chake. Iliokolewa na watu waliokuwa nje ya jumuiya, waliokuwa na mtandao wa vilabu, daftari za wanachama na mazoea ya kuchanga.

Kuhusu kuhamishwa kwa karatasi, maoni yangu yamegawanyika. Kwa usalama wa karatasi na kwa faida ya watafiti uamuzi ulikuwa sahihi, na mtu aliyeunguliwa na magazeti yake mwaka 1872 bila shaka angeunga mkono ghala lisilo na moto. Hata hivyo maktaba ya nyumba, ambayo ndiyo moyo wake, sasa ina vitabu na dawati bila maandishi yaliyoandikwa juu ya dawati hilo. Pengo la namna hii linaweza kupunguzwa kwa nakala zinazoonyeshwa mahali pake na kuelezwa wazi kwamba ni nakala, kama inavyopasa kuelezwa pia juu ya Growlery, ambayo mawe yake hayakuwahi kumsikia Douglass akinguruma.

Lililobaki linahusu majina. Mwaka 1895 uliochaguliwa kuwa mwaka wa maonyesho unamwonyesha Douglass mjane aliyeoa tena, mzee, mwenye heshima zote. Anna alikwisha kuwa kaburini miaka 12. Yeye ndiye aliyetoa akiba ya safari ya mwaka 1838, aliyeendesha nyumba na kulea watoto katika miaka ambayo mumewe alikuwa safarini, na aliyefariki katika nyumba hii hii. Hakujua kusoma na kuandika, kwa hiyo hakuacha karatasi za kupelekwa Maktaba ya Bunge. Ushahidi wake ni jiko, sindano, na chumba chake cha kulala. Helen naye aliacha sheria, taasisi na nyumba nzima, kisha akakataa jina lake lisiwekwe hata kwenye ufadhili wa masomo. Vyumba vya wanawake hawa wawili viko ghorofa moja, hatua chache kutoka kimoja hadi kingine, na mhifadhi anayewapitisha wageni hapo ana dakika kama mbili za kueleza jinsi mmoja alivyomfikisha mwenye nyumba kwenye uhuru na jinsi mwingine alivyoifikisha nyumba kwetu, kabla kikundi hakijaanza kushuka ngazi.